Gari la Umeme la Bei Nafuu Litatufikia kwa Njia Ipi?

Swali: Mimi ni mwalimu wa sekondari. Ninaishi Kibaha na kufundisha Ubungo, na safari ya kwenda na kurudi ni kama kilomita 60 kila siku ya kazi. Nimejiwekea shilingi milioni 18 za kununua gari. Nilikwisha kuamua kuagiza Toyota IST iliyotumika kutoka Japani, lakini kila ninaposhika simu naona magari ya umeme ya Kichina ambayo inasemekana huko kwao yanauzwa kwa bei ya bajaji mbili. Je, niagize IST au nisubiri? Kampuni za Kijapani zitaendelea kuwapo, na spea zake je? Pia kijana wangu amemaliza kidato cha nne na anataka kusomea ufundi wa magari. Nimruhusu, au nitakuwa nimempeleka kwenye kazi inayokufa?

Jibu: Mwalimu, maswali yako matatu yana mzizi mmoja, nao ni betri. Uniwie radhi nikianzia huko kabla ya kufika kwenye IST, maana ni betri inayoeleza kwa nini gari la umeme lilikuwa ghali jana, kwa nini leo limekuwa rahisi kule China, na kwa nini urahisi huo bado haujafika Kibaha.

Mota ya umeme ni kifaa cha siku nyingi na si ghali. Haina pistoni, haina plagi, haina mkanda wa taiming, wala haidai kumwagiwa oili mpya kila baada ya kilomita 5,000. Kilichofanya gari la umeme liwe la wenye nazo ni ghala lake la umeme. Nissan ilipoanza kuuza Leaf mwishoni mwa mwaka 2010, betri ya kuhifadhi uniti moja, yaani kilowati-saa moja, ile ile unayoinunua kwa LUKU, ilikuwa ikigharimu zaidi ya dola 1,000 katika soko la dunia. Leaf ya kwanza ilibeba uniti 24, hivyo kwa bei ya soko ya wakati ule betri peke yake ilizidi dola 24,000, kabla hujafunga kiti wala tairi. Mwaka 2024 wastani wa dunia, kwa mujibu wa uchunguzi unaofanywa kila mwaka na BloombergNEF, kampuni ya utafiti wa mambo ya nishati, ulikuwa umeshuka hadi dola 115 kwa uniti, na ndani ya China ulikuwa chini ya dola 100. Kwa wastani huo wa dunia, betri ya uniti 30 inayolitosha gari dogo la mjini ni kama dola 3,450.

Sehemu ya anguko hilo imetokana na ukubwa wa viwanda, lakini sehemu nyingine imetokana na kubadilishwa kwa kilichomo ndani ya betri, na hapo ningependa utulie nami kidogo. Betri nyingi za mwanzo zilizotakiwa kwenda mbali zilitumia nikeli, manganizi na kobalti, na sehemu kubwa ya kobalti ya dunia hutoka Kongo, katika migodi ya Lualaba inayozunguka Kolwezi. Betri ya gari la bei nafuu hutumia chuma na fosfeti badala yake. Kemia hiyo ilitangazwa katika miaka ya 1990 kutoka katika maabara ya John Goodenough, Chuo Kikuu cha Texas, ikadharauliwa kwa muda mrefu kwa sababu ni nzito kuliko nyingine zenye uwezo ule ule, kisha Wachina wakaichukua na kuifanyia kazi kwa subira. Mwaka 2024 karibu nusu ya uwezo wote wa betri zilizofungwa kwenye magari ya umeme duniani ulikuwa wa aina hiyo, na ndani ya China ni karibu robo tatu. Inavumilia kuchajiwa hadi ijae kila siku, ni ngumu zaidi kushika moto, inastahimili joto vizuri zaidi, na hutumika zaidi ya mizunguko 2,000 ya kujaa na kuisha kabla ya kudhoofika sana. Kwa mtu anayeegesha gari juani Ubungo tangu asubuhi hadi alasiri, sifa hizo zina thamani kuliko wepesi.

Serikali ya Kongo ilisimamisha usafirishaji wa kobalti Februari 2025 ili kuinua bei iliyokuwa imeanguka, na baadaye mwaka huo huo ikaweka mgawo wa kiasi kinachoruhusiwa kutoka. Nchi ina haki ya kushika madini yake, lakini mnunuzi aliyekwisha kujifunza kuishi bila kobalti harudishwi kwa mgawo, na mimi huwaonea huruma watu wa Kolwezi walioahidiwa kwamba gari la umeme litawajengea mji. Sisi tuko katika nafasi tofauti kidogo. Upande wa pili wa betri hiyo hiyo ya chuma na fosfeti, ule unaopokea lithiamu wakati wa kuchaji, bado hutengenezwa kwa madini ya kinywe, yaani grafiti, na kinywe kipo hapa nchini, Mahenge na Ruangwa. Tatizo ni kwamba karibu kinywe chote cha daraja la betri husafishwa China, na faida kubwa iko kwenye kusafisha.

Sasa turudi kwenye magari uliyoyaona. Habari hizo ni za kweli. Mwaka 2020 kampuni ya Wuling ilianza kuuza kigari cha umeme cha watu wanne kwa yuan 28,800 (yuan ndiyo fedha ya China), chenye betri ndogo sana ya uniti 9.3 kwa toleo la bei ya chini. Aprili 2023 BYD ya Shenzhen, kampuni iliyoanza mwaka 1995 kama mtengenezaji wa betri, ilitoa Seagull kwa kuanzia yuan 73,800, ambazo wakati ule zilikuwa kama dola 10,700. Hilo si toroli la betri: ni gari kamili la milango mitano, lenye kiyoyozi na mifuko ya hewa, na betri yake ndogo ni ya uniti 30 za aina hiyo ya chuma na fosfeti. Kipimo cha China kinasema lenye betri hiyo linakwenda kilomita 305, lakini kipimo chao ni cha upole, na kwa barabara zetu na kiyoyozi ningekushauri uhesabu kilomita 200. Mei 2025, katika vita vya bei vya huko, lilitangazwa kwa yuan 55,800 kwa muda maalumu. Gari lenye asili hiyo hiyo, likiwa limeimarishwa kwa masharti ya Ulaya, linaitwa Dolphin Surf nchini Uingereza, na lilipoingia sokoni mwaka 2025 bei yake ilianzia pauni 18,650. Bei ya nyumbani kwa Mchina na bei ya kuuza nje ni vitu viwili, na tofauti hiyo imewavunja moyo wengi waliopiga hesabu kwa yuan peke yake.

Kwa nini basi hulioni kwenye yadi za Dar es Salaam? Wengi hujibu kwamba ni ushuru, nao hawajakosea: ushuru wa forodha wa Afrika Mashariki kwa gari umekuwa kwa kawaida asilimia 25, kisha juu yake inakuja kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 18, kwa hiyo hata gari la dola 10,700 lingekaribia dola 15,800 kabla ya gharama za meli, bandari na faida ya muuzaji. Lakini ushuru huo huo umetozwa IST zote unazokutana nazo barabarani na hazikukoma kuja. Kizuizi kikubwa zaidi, kwa maoni yangu, ni usukani.

Sisi, pamoja na Kenya na Uganda, tunaendesha kushoto na usukani wetu uko kulia. China wanaendesha kulia na usukani wao uko kushoto. Gari la umeme ambalo familia ya Guangzhou imelitumia miaka minne na kulichoka, ambalo bei yake ingelingana na mfuko wa mwalimu, si rahisi lije kwetu. Linaweza kwenda Ethiopia, ambako wanaendesha kulia na ambako tangu Januari 2024 serikali imezuia kuingiza magari binafsi ya petroli na dizeli. Linaweza kwenda Rwanda, Burundi na Kongo kwa sababu hiyo hiyo. Kwetu mlango wa magari umekuwa Japani, nchi inayoendesha kushoto, yenye ukaguzi mkali unaomfanya mwenye gari aliuze likiwa bado zima. Na Japani, miongoni mwa mataifa makubwa yanayotengeneza magari, ndiyo iliyochelewa zaidi kuingia katika umeme mtupu: mwaka 2024 magari hayo hayakufika hata asilimia 2 ya magari mapya yaliyouzwa huko, wakati duniani kote zaidi ya gari moja kati ya matano mapya lilikuwa la umeme, ukihesabu na yale ya kuchaji yenye injini ya ziada. Mto uliotuletea Vitz, IST, Noah na Probox hauna magari ya umeme ndani yake, isipokuwa machache. Huwezi kuagiza lililotumika kutoka mahali ambapo watu hawakulinunua likiwa jipya.

Ndiyo maana ninawaambia wanaoniuliza kwamba gari la umeme la bei yetu litakuja, lakini kwa njia nyingine. Uingereza, ambako usukani uko kulia, karibu gari moja kati ya matano mapya ya mwaka 2024 lilikuwa la umeme mtupu, na sheria yao inawataka watengenezaji wafikishe asilimia 80 ifikapo 2030. Thailand nao wanaendesha kushoto, na BYD ilifungua kiwanda chake huko Rayong Julai 2024. Australia ipo pia. India, jirani yetu wa ng'ambo ya bahari ambaye biashara kati yake na pwani hii ni ya karne nyingi, Suzuki walianza Agosti 2025 kutengeneza Gujarat gari la umeme la e Vitara la kuuzwa katika nchi zaidi ya 100, na Toyota wanauza ndugu yake chini ya jina lao. Magari haya yote ni mapya leo. Mwenye nayo wa kwanza hukaa nayo miaka minne au mitano. Hesabu yangu ni kwamba kati ya mwaka 2029 na 2032 yaliyotumika yataanza kushuka kwa wingi katika bandari za Dar es Salaam na Mombasa, mengi yakiwa na betri ya chuma na fosfeti, na hapo ndipo mtu mwenye akiba kama yako atakuwa na cha kuchagua.

Kuna msukumo mwingine unaoweza kuiharakisha safari hiyo. Mwaka 2024 Marekani iliweka ushuru wa asilimia 100 kwa magari ya umeme kutoka China, na Oktoba mwaka huo Umoja wa Ulaya uliongeza ushuru wa hadi asilimia 35.3 juu ya ile 10 ya kawaida. Viwanda vya China vina uwezo wa kutengeneza magari mengi kuliko soko lao linavyoweza kumeza, hivyo magari yaliyofungiwa mlango mmoja hutafuta mwingine, na Afrika ni mmoja wa milango hiyo. Ningefurahi kwa moyo wote kama kila kampuni inayotujia ingeleta na ghala la spea, lakini uzoefu wa China yenyewe unatia hofu. Kampuni zaidi ya moja za magari ya umeme zimefilisika katika vita hivyo vya bei. WM Motor iliomba ulinzi wa kufilisika mwaka 2023, na kule Marekani Fisker ikaanguka Juni 2024. Gari la petroli lililofiwa na mtengenezaji wake bado hutengenezeka kwa spea za kubahatisha. Gari la umeme lililofiwa hukosa pia programu inayoiendesha betri, na hapo fundi wa mtaani hana la kufanya. Ukija kununua jipya la Kichina, mkubwa na mwenye wakala anayeonekana ni afadhali kuliko mdogo mwenye bei ya kuvutia.

Kuhusu Magharibi, kwa kuwa umeuliza habari za kampuni, nitasema kwa kifupi. Elon Musk aliahidi Septemba 2020 kwamba ndani ya miaka kama mitatu Tesla ingekuwa na gari la dola 25,000, na Oktoba 2024 akasema hadharani kwamba gari la kawaida la bei hiyo halina maana tena kwake. Ford walipata hasara ya takriban dola bilioni 5 mwaka 2024 katika kitengo chao cha magari ya umeme. Volkswagen walikubaliana na chama cha wafanyakazi Desemba 2024 kupunguza nafasi za kazi zaidi ya 35,000 nchini Ujerumani hadi 2030. Northvolt ya Sweden, iliyotarajiwa kuipatia Ulaya betri zake yenyewe, ilifilisika Machi 2025. Sisomi habari hizo kwa furaha, kwa sababu nyuma ya kila tarakimu kuna fundi aliyejenga maisha yake juu ya mshahara wa kiwanda. Chanzo chake hakifichiki: walizoea faida ya magari makubwa, walinunua betri badala ya kuzitengeneza, na waliamini kwamba gari dogo la umeme halilipi, wakati BYD inatengeneza betri, mota na hata sehemu ya vipuri vyake vya kielektroniki nyumbani kwake.

Nije sasa kwenye mfuko wako. Mwenye milioni 18 anayetaka gari la umeme leo hii ataonyeshwa, kwa uwezekano mkubwa, Nissan Leaf ya zamani kutoka Japani. Ni gari tulivu na lenye heshima yake katika historia, lakini betri yake haina pampu wala feni ya kuipoza. Hupozwa na hewa inayopita chini ya gari tu. Mwaka 2012 wenye Leaf wa jimbo la Arizona, lenye joto kali, walilalamika kwamba uwezo wa betri zao unapungua haraka kupita matarajio, na kampuni ikaongeza dhamana ya uwezo wa betri. Leaf ya kwanza ilipokuwa mpya ilikwenda kilomita 117 kwa kipimo cha Marekani. Iliyopoteza theluthi ya uwezo itakufikisha Ubungo na kukurudisha Kibaha kwa wasiwasi, na siku ya foleni ya mvua utalala njiani. Kwenye dashibodi yake kuna vijisehemu 12 vinavyoonyesha afya ya betri, na kijisehemu cha kwanza kikipotea maana yake karibu asilimia 15 imekwenda. Usiviamini peke yake, kwa sababu kompyuta ya betri inaweza kufutwa kumbukumbu na vijisehemu vikarudi vyote kwa muda. Omba betri ipimwe kwa kifaa kinachochomekwa kwenye soketi ya uchunguzi chini ya usukani, kisha usome asilimia ya afya yake kwenye simu.

Ninasema hivi kwa ukali kidogo kwa sababu nimeona. Miaka michache iliyopita mama mmoja mfanyabiashara alinijia na gari dogo la umeme aliloliagiza kwa picha, na muuzaji alikuwa amemhakikishia kwamba linakwenda kilomita 160. Tulipolipima betri ilikuwa imebaki na asilimia 58. Gari halikuwa na ubovu mwingine wowote. Lilikuwa safi kabisa, hata harufu ya upya ilikuwamo. Bei ya betri nyingine pamoja na kuisafirisha ilikaribia bei aliyonunulia gari. Sikuwa na neno la kumfariji.

Na bado, Mwalimu, faida ya umeme ni kubwa mno kiasi kwamba sitaki uiache moja kwa moja. Safari yako ya kilomita 60 kwa siku 24 ni kilomita 1,440 kwa mwezi. IST katika foleni ya Barabara ya Morogoro itakupa kama kilomita 12 kwa lita, hivyo utachoma lita 120, na kwa bei ya petroli iliyokuwa ikiyumba karibu na shilingi 2,900 mwaka 2025 hiyo ni shilingi 348,000. Gari dogo la umeme hutumia kama uniti 17 kwa kilomita 100, ukijumuisha kinachopotea wakati wa kuchaji. Ni uniti 245 kwa mwezi, na kwa shilingi 356 kwa uniti za LUKU ya kawaida ya nyumbani, kodi na tozo zikiwamo, utalipa kama shilingi 87,000. Tofauti ni zaidi ya shilingi 260,000 kila mwezi, yaani zaidi ya milioni 12 kwa miaka minne, na hapo sijagusa oili wala plagi. Kwa dereva wa teksi ya mtandaoni anayekwenda kilomita 3,000 kwa mwezi, tofauti hiyo ni zaidi ya nusu milioni kila mwezi. Hiyo ndiyo sababu umeme umeanza kwetu kwa bajaji na bodaboda, na ndiyo sababu Nairobi mwenye basi anaweza kununua basi la umeme na kuilipia betri kwa kila kilomita anayotembea. Ningependa sana kuona benki zetu zikibuni mkopo wa namna hiyo kwa gari dogo.

Umeme wenyewe tunao. Watu huogopa kwamba magari yataiangusha gridi, nami huwaonyesha hesabu hii. Tuseme magari 100,000 kama lako, kila moja likihitaji uniti 10 kwa siku, yote yachajiwe usiku kwa muda wa saa nane. Mzigo wake ni megawati 125. Bwawa la Julius Nyerere lina mitambo 9 ya megawati 235 kila mmoja, jumla 2,115, hivyo mtambo mmoja unayabeba yote na kubaki na nafasi. Kinachonisumbua ni transfoma ya mtaani, ile inayohudumia nyumba nyingi kupita ilivyokusudiwa, ambako saa mbili usiku taa zinafifia hata kabla ya gari kuwapo. Kenya waliweka mwaka 2023 bei maalumu ya umeme wa vyombo vya usafiri ambayo usiku ni nusu ya ile ya mchana, na huo ni utaratibu mzuri wa kuwahimiza watu wachaji wakati wengine wamelala. TANESCO nao wangefanya vema kuufikiria mapema.

Ushauri wangu kwako, basi, ni huu. Ikiwa gari ni la lazima mwaka huu, agiza IST, lakini usimalize akiba yote; tafuta ya milioni 14 au 15 iliyotunzwa, bila mkopo, na uitumie miaka mitano au sita huku ukiweka kando kidogo kila mwezi kwa ajili ya gari la umeme litakaloifuata. Ambacho singekushauri ni kukopa ili ununue gari la petroli la bei kubwa kwa kutarajia kuliuza baadaye kwa bei nzuri, kwa sababu katika miaka hiyo ninayoitaja soko la yaliyotumika litakuwa limebadilika. Na ikitokea ukapata sasa gari la umeme lenye betri iliyopimwa mbele yako ikiwa na afya ya asilimia 85 au zaidi, lenye uniti 30 au zaidi, na la mtengenezaji ambaye wakala wake unaweza kwenda kugonga mlango wake, nawe una maegesho yako na mita yako ya LUKU, basi lichukue bila woga. Kabla ya kulipa, mwite fundi umeme akague nyumba, hasa ule waya wa ardhini ambao mafundi huuita ethi. Chaja nyingi za magari hukataa kufanya kazi zikikuta ethi haipo au ni mbovu, na nyumba nyingi tulizojenga kidogo kidogo hazina ethi ya kuaminika.

Kampuni za Kijapani hazitatoweka. Kundi la Toyota liliuza zaidi ya magari milioni 10 mwaka 2024 na bado ni la kwanza duniani, likibebwa na magari ya mseto, yenye injini na mota ya umeme kwa pamoja, waliyoyaanzisha kwa Prius mwaka 1997. Nissan ndiyo iliyo taabani. Mei 2025 ilitangaza kupunguza wafanyakazi 20,000 na kubakiza viwanda 10 kati ya 17. Angalia hata hivyo wanachokifanya ndani ya China: Machi 2025 Toyota na mshirika wake wa Kichina, GAC, walianza kuuza gari la umeme la bZ3X kwa kuanzia yuan 109,800. Nembo ni ya Kijapani, lakini sehemu kubwa ya teknolojia na wauzaji wa vipuri ni Wachina. Ninaamini hivyo ndivyo majina tunayoyapenda yatakavyoendelea kuishi. Spea za IST zisikunyime usingizi: injini yake ya 2NZ au 1NZ ni ile ile iliyofungwa kwenye Vitz na magari mengine mengi, na katika maduka ya spea ya mtaa wa Gerezani, Dar es Salaam, hazitakosekana kwa miaka 15 ijayo.

Nimeiacha habari ya kijana mwisho kwa sababu ndiyo iliyonifanya niandike kwa urefu huu. Mruhusu. Gari la petroli linaloshuka bandarini leo litakuwa bado linatembea mwaka 2040, na gari la umeme nalo lina breki, shokapu, bushi na matairi yanayolika, tena haraka kidogo kwa sababu ya uzito. Isipokuwa asiishie kwenye umakanika peke yake. Asomee umeme wa magari, kozi ambayo VETA wanayo, na akipata nafasi baadaye aendelee Chuo cha Taifa cha Usafirishaji pale Mabibo. Fundi anayejua kupima betri ya gari, kuifungua kwa usalama na kubadilisha seli mbovu bila kutupa nzima, leo hapatikani kirahisi nchini, na wateja wanamtafuta. Kazi hiyo ina hatari yake, na ningetaka aijue tangu siku ya kwanza: nyaya za rangi ya machungwa zilizo chini ya gari hubeba volti 350 au zaidi za umeme mnyoofu, unaoweza kuua kwa mguso mmoja, na haziguswi bila kuondoa kiunganishi cha usalama, kusubiri, kupima, na kuvaa glavu za mpira zilizothibitishwa kwa volti 1,000. Utakapompeleka kuomba nafasi, ombeni kuonyeshwa karakana. Waulizeni walimu kama wana hata betri moja ya gari la umeme au la mseto ambayo wanafunzi wameifungua kwa mikono yao, na waulizeni pia glavu hizo zinahifadhiwa wapi na zilipimwa lini mara ya mwisho.